Nyota nne kwa mfugaji aliyenihoji kama nimekwenda kuposa

Nyota ya tano nimemnyima kwa sababu mama huyu mfugaji wa mbwa hapokei simu. Unapiga leo, anakurudia kesho kutwa, tena usiku, akiwa na haraka. Mengine yote nitayasema kwa roho safi.

Niseme kwanza nilikotoka. German Shepherd wangu wa kwanza nilimnunulia kwenye maegesho ya magari. Muuzaji alimleta ndani ya boksi, akaniambia ana wiki nane na mama yake yuko mbali, nisijisumbue kwenda kumwona. Kesho yake daktari wa mifugo alimfungua kinywa, akatazama meno, akasema wiki tano, labda tano na nusu. Cheti cha ukoo nilipewa, kina muhuri na majina ya babu na bibi mpaka vizazi vitatu. Nilikitia kwenye fremu! Alipofika miezi minane mbwa alianza kuinuka kwa kujivuta, na akikimbia miguu ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura. Eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimekaa pembeni ya kikombe cha nyonga badala ya kuzama ndani. Namba ya muuzaji ilikuwa imeshazimwa. Kile cheti hakikuwa cha uongo, maana kilichoandikwa pale ni nani kamzaa nani. Nyonga za hao wazazi hakuna aliyewahi kuzipiga picha.

Kwa hiyo safari hii nilijiandaa na maswali yangu kwenye karatasi. Sikupata nafasi ya kuyauliza. Mama ndiye aliyeuliza. Mchana nyumbani anabaki nani? Ukuta una urefu gani? Ukisafiri, mbwa unamwachia nani? Yule wa kwanza alikufa na nini, na alikuwa na kilo ngapi? Hilo la kilo lilinichoma, kwa sababu kweli nilimnenepesha, nikidhani nampenda. Nilikata simu nimenuna. Halafu nikajiuliza: yule wa maegesho aliniuliza nini? Aliniuliza kama nina hela taslimu.

Watoto hakuwa nao. Jike lake lilikuwa halijaingia joto, na baada ya kupandishwa kuna mimba ya siku 63 hivi, kisha wiki nane za kunyonya na kulelewa. Jumla nilisubiri miezi tisa. Anayetaka mbwa wa Jumamosi hii atafute kwingine, na atampata, hilo ndilo tatizo lenyewe.

Siku ya kwenda kuona mazingira nilitegemea kuoneshwa mbwa. Akatoa faili. Eksirei za wazazi wote wawili, zimesomwa na kupewa herufi za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ambazo A ndiyo nyonga safi na E ndiyo mbaya kabisa. Jike A, dume B. Viwiko vyote sifuri, yaani safi. Kisha majibu ya DNA ya ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapoozesha German Shepherd miguu ya nyuma uzeeni. Jike amebeba nakala moja ya jeni mbovu, dume hana hata moja. Nikashtuka, nikauliza kwa nini basi anampandisha. Akachukua vifuniko vya chupa, vyeupe vitatu na chekundu kimoja, akavipanga mezani: viwili vya mama, viwili vya baba. "Mtoto anachukua kimoja huku, kimoja huku. Aliye hatarini ni mwenye vyekundu viwili. Nioneshe atakayevipata." Nilivihamisha kila namna, hayupo. Nyonga, akaongeza, hazihesabiki hivi, kwa kuwa jeni zake ni nyingi na chakula nacho kina mkono wake. Wazazi wenye A wanaweza kuzaa mwenye C. Nilipenda kwamba hakunipa ahadi.

Wakati huo chini ya meza kulikuwa na dume limelala juu ya mguu wangu, kichwa kipana, mgongo mweusi unaong'aa. Nikasema watoto wa huyu nitachukua hata wawili. "Huyu hana watoto," akasema. "Ndiye mzuri kuliko wote waliozaliwa hapa. Nyonga zake D. Nikamhasi." Alilisema hilo akifunga faili, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi ndipo nilipotoa kishika uchumba, ingawa banda nilikuwa bado sijaliona.

Banda nikaliona. Halikunukia maua, lilikuwa na harufu ya mbwa, lakini sikusikia ile harufu ya mkojo wa juzi. Jike lilitoka lenyewe kuja kuninusa, halikunywea wala kunikoromea. Watoto walipozaliwa nilirudi mara mbili. Kila mmoja alivishwa utepe wa rangi yake shingoni, na uzito wake uliandikwa daftarini kila siku tangu kuzaliwa. Wiki ya tano nilikuta sufuria inaangushwa makusudi na mwavuli unafunguliwa mbele yao. Mtoto wa mbwa asiyezoeshwa vitu katika wiki hizo huja kuviogopa ukubwani.

Nina manung'uniko mawili zaidi. Nilimtaka wa utepe mwekundu, mweusi kuliko wenzake. Mama akakataa, akanipa wa kijani, eti mwekundu ana vurugu, anafaa mtu anayetaka mbwa wa kazi. Na nilipoomba kumchukua wiki ya saba kwa kuwa nilikuwa likizo, jibu lilikuwa neno moja. Nilimaliza likizo bila mbwa.

Wiki ya nane nilikabidhiwa kadi yenye stika ya chanjo ya kwanza na tarehe za dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili. Maikrochipu, kile kidude cha utambulisho kilicho chini ya ngozi, ilisomwa mbele yangu, tarakimu 15, tukazilinganisha na karatasi moja baada ya nyingine. Akanionya nisimkanyagishe wanakopita mbwa nisiowajua mpaka amalize chanjo, karibu wiki ya 16, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi na miezi. Mkataba una kipengele nilichokisoma mara mbili: nikishindwa kumfuga, hata akiwa na miaka kumi, anarudi kwake, siruhusiwi kumuuza wala kumgawa.

Sasa ana miezi 17. Wiki iliyopita usiku simu ikaita, mama mwenyewe, kwa haraka zake. "Mwanangu, wa kijani ana kilo ngapi?" Nikamtajia. Akaguna. "Mpunguze kidogo. Na mwezi ujao ni picha ya nyonga, nimeiandika hapa." Mimi nilikuwa nimeshasahau.