Uzoefu wangu: kununua G.I. Joe za miaka ya 1980 kwa lugha ya wakusanyaji

Storm Shadow wangu wa 1984, yule ninja wa G.I. Joe, amefika, na kwa jumla nimeridhika: nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya neno "complete" (kamili) lililokuwa kwenye tangazo.

Kwa asiyezijua, hizi ni sanamu za plastiki za Hasbro, wanajeshi wa inchi 3¾ waliouzwa Marekani kuanzia mwaka 1982 hadi 1994. Matangazo yake yamejaa vifupisho. MOC ni ile ambayo bado imo kwenye kadi yake, haijafunguliwa. Bei zake sizigusi. "Loose" ni iliyokwisha kufunguliwa, na huku ndiko tuliko wengi. C-9 ni alama ya hali yake kati ya kumi, ila mara nyingi anayeitoa ni muuzaji mwenyewe, na mwamba ngoma huvutia kwake. AFA ni habari nyingine: hao ni wakaguzi wanaolipwa, na sanamu hurudi imefungiwa ndani ya kasha gumu.

Kuna pia "straight arm" na "swivel arm". Sanamu za 1982 mkono wake hauzunguki juu ya kiwiko. Mwaka 1983 Hasbro wakaongeza kiungo hapo, na zile za mwanzo wakazitoa upya zikiwa na mkono mpya. Hizo ndizo wanazoziita v1.5. Ukiona tangazo limeandika "1982" tu, ulizia mkono kabla ya kuulizia bei.

Sasa "complete". Storm Shadow alitoka kiwandani na upanga mrefu, upanga mfupi, upinde, nunchaku (fimbo mbili fupi zilizounganishwa) na mkoba wa mgongoni. Nilipofungua kifurushi vyote vilikuwemo. Ila nunchaku ilikuwa laini kuliko panga, inapinda ukiibonyeza, na weusi wake haukufanana na wa vingine. Repro, yaani imetengenezwa juzijuzi. Nilipomwuliza muuzaji hakubisha: kwake "complete" ni idadi ya vitu, hakusema vyote ni vya asili. Kadi ya wasifu, ile ambayo watoto waliikata nyuma ya pakiti, nayo haikuwemo, na hiyo sikumlaumu. Wauzaji wengi hawaihesabu, na mwenye nayo huitaja kwa mbwembwe. Mimi sasa naandika hivi: "Kila silaha ni ya asili? Ipi si ya asili?" Swali la pili ndilo linalowafanya waseme.

"Slight yellowing" (njano kidogo) nayo ina mambo. Huyu jamaa ni mweupe mwili mzima, na plastiki nyeupe ya enzi hiyo hugeuka njano. Wangu kifua bado cheupe, mapaja yamekuwa rangi ya siagi. Nikashuku miguu imetoka kwa mwenzake, maana sanamu hizi zina skrubu moja mgongoni na oringi, yaani pete ya mpira, kiunoni. Ukizifungua, unabadilisha viungo utakavyo. Picha za tangazo zilipigwa kwa taa kali, tofauti hiyo haikuonekana. Omba picha ya mchana, karibu na dirisha.

Oringi mpya, kwa upande mwingine, isikutishe. Ya zamani hukauka na kukatika, sanamu ikagawanyika vipande viwili, na kuibadilisha ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Kasoro isiyo na dawa ni kidole gumba kilichokatika kwa kulazimishwa kushika bunduki, au plastiki iliyopasuka kwenye msamba. Tangazo likisema "great shape" (hali nzuri sana) na picha zote zimepigwa kutoka kiunoni kwenda juu, mimi napita.

Vidole vya wangu viko vyote, viungo vimekaza, na anasimama bila kuegemezwa. Muuzaji amenirudishia sehemu ya pesa kwa ajili ya nunchaku. Nitanunua tena kwake.