Chasisi ya Fuso langu ilipasuka mara mbili: uzoefu wangu na mafundi wa kuchomelea hapa Mtwara

Nina Fuso moja tu, na ndilo linalolisha nyumba yangu. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho ukifunguliwa, linazunguka Tandahimba na Newala kuchukua korosho za vyama vya msingi vya ushirika na kuishusha kwenye maghala ya Mtwara mjini. Msimu ukiisha tunabeba saruji, na mara mojamoja chumvi kutoka Lindi. Dereva wangu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, kwa hiyo likitokea la kutokea barabarani, anayepigiwa simu si bosi, ni mama mdogo.

Simu ilikuja Novemba ya mwaka juzi, saa moja asubuhi, gari likiwa Tandahimba limeshapakia. "Mama mdogo, kichwa na bodi vimesogeleana." Utingo alikuwa anakaza turubai akaona ile nafasi iliyo kati ya kichwa anamokaa dereva na bodi ya mzigo, ambayo siku zote unapitisha mkono bila shida, juu imebana hata ngumi haiingii na chini imepanuka. Alipoingia uvunguni akaukuta ufa. Ulianzia mdomo wa chini wa chasisi, upande wa kushoto, ukapanda ukutani mpaka kwenye tundu la bolti.

Kwa asiyelijua lori kwa chini, chasisi ni mihimili miwili mirefu ya chuma yenye umbo la C: ukuta mmoja wa kusimama na midomo miwili, wa juu na wa chini. Mzigo ukikaa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mdomo wa chini unavutwa na wa juu unagandamizwa. Ndiyo maana ufa wa chini si wa kuuchezea. Unavutwa kila gari linapoingia shimoni.

Tukashusha mzigo hukohuko, gari likarudi mjini tupu, mwendo wa kuhesabu hatua. Nikalipeleka kwa fundi wa karibu, mtu anayetengeneza mageti mazuri sana, na hilo silifuti mpaka leo. Akaangalia, akasema ni kazi ya saa tatu. Akachomelea ufa juujuu bila kuufungua, akachukua pleti ya mstatili, akaibandika juu ya ufa na kuizungushia moto pande zote nne, juu ya mdomo na ukutani. Ethi, ule waya wa mashine unaorudisha umeme, aliibana kwenye springi. Betri hakuigusa. Chuma kikiwa bado chekundu kijana wake akamwagia maji ya ndoo ili kipoe haraka tuondoke. Nilikuwepo, nikaona yote, na nikamshukuru, kwa sababu msimu ulikuwa unanikimbia. Nikalipa 180,000.

Wiki ya tano gari likapasuka tena. Safari hii si pale pa zamani. Lilipasuka pembeni ya kiraka, kwa mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, sambamba kabisa na mshono wa pleti.

Hapo ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja mwenye karakana upande wa Magomeni, hapahapa Mtwara. Hakupenda jina lake liandikwe, na nimeliheshimu hilo. Ana vijana wawili tu, na msimu wa korosho hana nafasi ya kupokea magari kumi. Ninaandika kuhusu kazi yake kwa sababu nadhani kila mwenye lori kusini huku anastahili kujua chasisi inavyotakiwa kutibiwa, hata kama atakwenda kwa mtu mwingine.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha hakushika mashine wala grinda. Aliomba kadi ya gari, akasoma uzito, akamuuliza kijana wangu: "Mnapakia gunia ngapi?" Mpwa wangu akaniangalia. Nikajibu mwenyewe, mia na kumi. Gunia la korosho ni kilo 80 hivi, kwa hiyo ni tani 8.8 kwenye gari la tani 7. Hakunisema. Aliandika tu kwa chaki kwenye tairi, 8.8, akaingia uvunguni na kijiti na tochi, akakaa huko karibu nusu saa.

Alipotoka akaniambia, "Mama, mzigo umechangia, lakini aliyekata chasisi yako ni bodi." Akanionyesha. Bodi ya mbao na chuma inakaa juu ya mihimili yake miwili, nayo imelala juu ya chasisi. Ncha ya mbele ya mhimili wa bodi ilikuwa imekatwa wima, butu kama gogo, ikiishia nyuma tu ya kichwa. Kuanzia hapo kwenda nyuma chasisi imebebana na mhimili wa bodi, ngumu kwelikweli. Kuanzia hapo kwenda mbele iko peke yake, laini. Gari likijipinda kwenye barabara mbovu, kujipinda kote kunaishia kwenye ule mpaka. Tena yubolti mbili (bolti zilizopindwa umbo la U) zinazofunga bodi zilikuwa zimelegea mpaka unazizungusha kwa vidole, kwa hiyo bodi ilikuwa ikiruka na kupiga palepale. Ufa wangu ulikuwa chini kabisa ya ile ncha. Fundi wa kwanza alichomelea kidonda akaacha mwiba ndani.

Kiraka chake nacho akanieleza. Kilikuwa kinene na kimekatwa pembe za mraba, kikachomelewa kuvuka mdomo wa chasisi. Kwa hiyo mpaka ule wa ngumu na laini haukuondoka, ulihamia ukingoni mwa kiraka. Na moto wa kuchomelea, halafu ndoo ya maji, vilikuwa vimekifanya chuma cha pembeni kuwa kigumu na chepesi kukatika, mfano wa kisu kilichotiwa moto na kuzamishwa. Akanipeleka pia kwenye springi, pale ethi ilipobanwa. Palikuwa na kidoa kidogo, kama sehemu iliyoumwa na mdudu, cheche ilipoparuza. Akasema jani lile la springi litakatikia hapo siku moja, libadilishwe. Tulilibadilisha.

Sasa kazi yenyewe. Nilikuwa naenda kila jioni, na siku ya pili nilishinda pale kutwa nzima, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa.

Alitoa tangi la dizeli, akasogeza mabomba ya breki na nyaya, akafungua betri zote mbili. Akaloweka magunia akayatandika, na ndoo ya mchanga ikawa karibu. Akaweka jeki na magogo mpaka chasisi ikanyooka na mlango wa ufa ukafumba. Kiraka cha zamani alikikata kwa grinda taratibu ili asile ukuta.

Kisha akafanya kitu ambacho nimekishika mpaka leo. Ili kujua ufa unaishia wapi hasa, alisafisha chuma kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, akakipaka mafuta ya taa, akasubiri, akakifuta kikauka kabisa, halafu akasugua chaki juu yake. Baada ya dakika kadhaa mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kutoka na kuichafua chaki, na mstari mweusi mwembamba ukajichora wenyewe mbele ya macho yetu. Ulikuwa umekwenda karibu sentimita mbili kupita pale macho yangu yalipokuwa yameuona mwisho. Mwisho huo wa kweli ndio aliotoboa tundu dogo kwa drili. Tundu la duara linauzuia ufa, kwa sababu ufa unatembea kwa ncha yake kali, na hapo unaikosa.

Baada ya hapo akaufungua ufa kwa grinda, umbo la V, mpaka chini, ili mshono ujae chuma kizima na usiwe wa juujuu tu. Rodi za kuchomelea alizotumia ni za namba 7018. Fundi wa kwanza alitumia 6013, ambazo kwa geti au dirisha hazina ubaya wowote. Mzee alinieleza zile namba: 70 inamaanisha mshono unahimili mvuto wa pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, na 60 ni pauni 60,000. Lakini alisema sababu kubwa si nguvu. 7018 zina haidrojeni kidogo sana, na haidrojeni ikiingia kwenye mshono wa chuma kigumu inaweza kuupasua saa kadhaa baadaye, wakati wewe umeshalipa na kuondoka. Haidrojeni hiyo inatokana na unyevu, na sisi tunaokaa ufukweni tunajua hewa yetu ilivyo. Chumvi ya mezani tu inalowa. Yeye rodi zake anazitunza kwenye friji bovu aliloliwekea taa ya balbu ndani, linakaa na joto muda wote. Akaniambia wazi kwamba friji hilo linatunza zilizo kavu tu. Zikishalowa zinahitaji tanuri la joto la nyuzi 300 hivi kwa saa moja au mbili, naye hana, kwa hiyo zilizolowa anazitumia kwa kazi ndogondogo. Huo ukweli wake ulinifanya nimwamini kuliko cheti chochote.

Ethi aliibana kwenye chasisi yenyewe, karibu kabisa na mshono, pahali alipopakwangua rangi, ili umeme usipitie kwenye beringi wala springi. Kila tabaka la mshono aligonga slagi, lile ganda linalobaki juu yake, akapiga brashi, akaangalia kwa tochi, ndipo akaweka lingine. Hakumwaga hata tone la maji. Aliufunika mshono kwa mchanga mkavu ukapoa wenyewe, na asubuhi akausaga ukawa sawa na chuma kingine, ukipitisha kidole huuhisi.

Pleti ya kuimarisha aliikata ncha zake kwa mshazari mrefu, si pembe za mraba. Aliifunga kwa bolti ngumu za daraja la 10.9 ukutani, akitumia matundu yaliyokuwepo pale alipoweza. Mdomo wa juu na wa chini hakutoboa hata tundu moja. Kabla ya kuifunga aliipaka rangi ya kuzuia kutu upande wa ndani, kwa sababu hapa kwetu maji ya chumvi yakikaa kati ya vyuma viwili yanakula kimyakimya. Mwisho akazichonga ncha za mihimili ya bodi ziteremke taratibu kama mkia, akaweka yubolti mpya.

Nilimpa na kazi nyingine ndogo nikiwa pale: ngazi ya nyuma, kulabu za turubai na kibebeo cha tairi la akiba. Kulabu ni nzuri sana, za nondo iliyokunjwa, hazikatiki. Ngazi sikuipenda. Vipandio vyake vimeachana mno, utingo wangu ni mfupi na anapanda kwa tabu. Niliirudisha, akaongeza kipandio kimoja bila kunidai.

Bei ilikuwa 870,000 pamoja na vifaa vyote, ngazi, na lile jani la springi. Ni karibu mara tano ya ile ya kwanza. Lakini ukiongeza mzigo niliopoteza wiki ya tano, na gari la kukodi la kuumalizia, ile ya 180,000 ndiyo iliyokuwa ghali.

Malalamiko yangu kwake ni mawili. Aliniambia siku nne, zikawa saba. Umeme ulikatika siku mbili na yeye hana jenereta. Angeniambia mapema kwamba hana, ningepanga safari zangu vingine. Mwenye gari la biashara anahesabu siku. La pili, rangi ya nje aliipiga mkono mmoja tu, na kufikia Machi kutu ilikuwa imeanza kuchungulia kwenye vichwa vya bolti. Nilinunua kopo nikamalizia mwenyewe. Kwa fundi makini kiasi kile, lilinisikitisha. Kwa hayo nampa nyota nne kati ya tano.

Yule wa kwanza sina kinyongo naye, ila ningetamani angeniambia tu, "Mama, chasisi si kazi yangu." Ukimpelekea fundi lori lako, muulize imepasuka kwa nini. Akikujibu kwamba chuma kimechoka na papo hapo anawasha mashine, funga mlango wa gari uondoke. Muulize rodi anatunza wapi. Muulize ethi ataibana wapi, na simama uone.

Gari limeshamaliza msimu mmoja mzima na sehemu ya mwingine. Tumepunguza mzigo, sasa hatuzidishi gunia 85, na mpwa wangu amezoea kugusa yubolti kila asubuhi kabla hajawasha injini. Mwezi uliopita niliingia uvunguni mwenyewe na kitambaa, mafuta ya taa na chaki. Nikapaka, nikafuta, nikasugua, nikakaa kwenye ndoo kusubiri. Chaki ilibaki nyeupe. Wiki ijayo gari linarudi Magomeni kwa ajili ya mlango wa nyuma wa bodi, na safari hii nimemwambia mzee jenereta nitakodi mimi.