Ngao ya uso yenye herufi B: miezi saba ya kukereza magogo yenye nyufa

Niliinunua Februari, duka moja la vifaa vya ufundi karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, shilingi 45,000. Kijana wa dukani alinionea huruma. “Mzee wangu, chukua hii ya elfu nane, zote si plastiki tu?” Nikamwomba azilete mwangani. Pembeni mwa kioo cha ile ghali pamechapwa EN 166 na herufi B. Ile ya elfu nane ilikuwa na bei tu, tena ya kuandikwa kwa kalamu.

Herufi hiyo ndiyo niliyoilipia. Katika kipimo hicho cha Ulaya cha vikinga macho, kioo cha F hupigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde. Cha B hupigwa na gololi hiyo hiyo kwa mita 120. Miwani ya usalama ya kawaida, ile ya kuning’inia masikioni, haipandi zaidi ya F, na mashavu inayaacha wazi.

Mimi nakereza, yaani nachonga kwa patasi mti unaozungushwa na mashine, natoa mabakuli na vinu vidogo vya kutwangia vitunguu saumu, bandani kwangu Nkuhungu. Mbao zilizonyooka wanazichukua mafundi wa milango na vitanda. Kwangu yanafika masalia: visiki vya mkwaju, mninga wenye makovu, mpingo ulio na uwazi katikati. Na hewa ya Dodoma mnaijua. Gogo bichi likija kutoka Morogoro, ule upepo wa Agosti ukilipata limeshapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta.

Kabla ya hii nilivaa ngao ya kipindi cha korona, plastiki nyembamba. Mwaka jana nikaweka bakuli la mninga mashineni, ufa nimeuona, nikasema huu mdogo. Kipande cha ukubwa wa kiganja kiliitoboa ile plastiki kama karatasi. Nyuzi tatu juu ya jicho. Mke wangu hakugomba, alifunga banda kwa kufuli lake mwenyewe, wiki mbili.

Ngao mpya ilipata mtihani wake Julai. Ganda la mkwaju lilibanduka likanigonga usawa wa pua. Nilisikia mlio, kichwa kikarudi nyuma, basi. Kwenye kioo pamebaki alama kama ya kucha.

Lakini msidanganyike na herufi. Ile gololi ya majaribio haifiki hata gramu moja. Bakuli la sentimita 30 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia kilomita 56 hivi kwa saa. Ukiongeza mzunguko mara mbili, kasi nayo ni mara mbili. Nusu bakuli la mpingo, mti unaozama majini kwa uzito, likikujia kwa mwendo huo hakuna kioo cha kulisimamisha. Kwa hiyo kwanza sisimami mkabala na duara la kipande kinachozunguka. Nakaa pembeni hadi mtikisiko utulie, na mwanafunzi wangu simruhusu kupita upande ule. Kipande kisicho duara nakianzisha kwenye puli ya mwendo mdogo kabisa, senta ya nyuma, ile ncha inayokibana kipande kwa upande wa pili, imekaza, nikiwa nimekizungusha kwa mkono mzunguko mzima kuona kama kinagusa egemeo la patasi, kile chuma ninachoilaza patasi. Ufa mwembamba naunywesha supa gluu na unga wa mbao, halafu nazungushia nailoni ya kufungia mizigo sehemu nisiyoichonga. Ufa unaokatiza toka ukingo hadi ukingo kupitia moyo, huo ni wa jikoni kwa mama, tena unawaka vizuri. Mlio ukibadilika, nazima kwanza, kuchungulia baadaye. Na umeme ukikatika zima swichi, maana ukirudi mashine inaamka yenyewe na patasi yako iko pale pale.

Malalamiko ninayo. Sifongo ya paji la uso inafyonza jasho, na mwezi wa pili ilikuwa inanuka kama soksi za mwanajeshi; nimeshona kitambaa cha kanga juu yake. Ukivaa na barakoa, na kwa vumbi la mpingo lazima uvae kwa sababu linawasha ngozi na kukupigisha chafya mpaka jioni, kioo kinaingia ukungu. Vumbi linakiganda, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu unakichora mistari. Mimi nakiosha kwa maji ya sabuni. Kidevu kinafunikwa vizuri, shingo haifunikwi. Kirungu cha kukazia nyuma ya kichwa kinalegea chenyewe, hivyo nikiinama ngao inanishukia puani, jambo la kuudhi sana ukiwa na patasi mkononi.

Kioo cha akiba hapa mjini sikukipata. Niliagiza Dar kikaja na basi, 18,000 pamoja na usafiri. Nyota nne, ya tano imebaki kwenye ile sifongo na kile kirungu. Ukienda kununua, igeuze utafute herufi kabla hujauliza bei.