Barabara kuu ya Mtwara mjini kwa mtembea kwa miguu na abiria wa daladala: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano. Kivuli kingekuwepo ningetoa nne.

Naishi Magomeni, riziki yangu iko sokoni, na sina gari wala pikipiki. Watu wengi ukiwauliza barabara nzuri ni ipi watakwambia ile ambayo gari halirukiruki. Mimi naipima kwa mama anayeshuka kwenye Hiace na ndoo ya dagaa kichwani na mtoto mgongoni.

Sifa kwanza, maana zipo. Lami, taa na mitaro tuliyoipata kwenye mradi wa Miji ya Kimkakati, ule uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010, imeufanya mji upitike. Nikifunga biashara saa mbili usiku naona ninapokanyaga. Palipotandikwa vitofali, masika ikimwaga sivui tena viatu kukwepa tope.

Na nafasi tunayo! Mji huu ulipanuliwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947, bandari yetu ikitegemewa kusafirisha karanga za Nachingwea. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa 1951, ila barabara zikabaki pana. Kwingine wangebomoa nyumba za watu ndipo wapate upana huu. Hapa ni kugawa upya tu.

Tatizo ni mgawo. Upana karibu wote wamepewa wenye magurudumu, na kile kipande cha pembeni tulichoachiwa, bodaboda wameegesha, mbele kidogo kuna meza ya vocha, halafu kuna mtaro ambao mfuniko wake haupo. Ukifika hapo unaingia barabarani, hutaki unataka. Juzi nilimkuta bibi mmoja mwenye mkongojo, anatoka hospitali Ligula, amesimama ukingoni anaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hebu nivushe, hawa hawasimami." Rangi ya pundamilia ilikuwepo, imefifia. Tulifika katikati, bajaji ikapita mbele yetu, tukasimama pale juu ya mstari mweupe, magari huku na huku. Kungekuwa na kisiwa cha zege katikati, angevuka nusu, akapumzika, akamalizia nusu. Na kivuko chenyewe kikiinuliwa kama tuta, dereva atapunguza mwendo apende asipende. Shirika la Afya Duniani linashauri kasi isizidi kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika. Katikati ya mji wetu ndipo hapo hasa. Msimu wa korosho malori ya bandarini yanaongezeka, na sasa kuna ya makaa ya mawe toka Ruvuma pia. Hayo yatafutiwe njia ya pembeni kabisa.

Daladala za Mikindani sina ugomvi nazo, zinapatikana. Ila vituo! Kibanda cha bati kinapigwa jua la mchana mpaka benchi linaunguza, abiria wote wamejibanza chini ya mwarobaini wa jirani, na gari linasimama huko huko walipo watu. Madereva wanalaumiwa bure. Kituo kijengwe penye mti, au mti upandwe penye kituo.

Dar nimepanda Mwendokasi, yale mabasi yaliyoanza 2016. Kilichonigusa ni sakafu ya kituo kuwa sawa na sakafu ya basi, mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Sisi hatuhitaji mabasi marefu vile. Tunahitaji ukingo wa kituo uinuliwe kidogo, na daladala zisogee mpaka pale, ili mzee asishikwe kwapa na kondakta kila anaposhuka.

Kwa mgeni: tembea kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ukiwa na mtoto mshike mkono upande wa mbali na lami, na macho yako yawe kwenye mifuniko ya mitaro, hasa karibu na soko.