Chai ya kijani ya China: ipi ununue kwanza, ipi isubiri, na namna ya kuiandaa nyumbani

Kabla ya kuuliza jina la chai, uliza ilichumwa lini. Chai ya kijani huchakaa upesi, na pakiti ya kawaida iliyochumwa mwaka huu itaishinda kwa mbali pakiti yenye jina kubwa iliyolala rafuni miaka miwili. Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana kwenye makopo mengi jina la chai liko mbele kwa herufi za dhahabu, na tarehe imebanwa chini kabisa kwenye kitako.

Sababu yake inaeleweka ukijua chai hii inavyotengenezwa. Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Jani likishachumwa, vimeng'enya vyake huanza kulibadilisha, na likiachwa litageuka kuwa la kahawia. Mtengenezaji wa chai ya kijani hulipasha joto kali mapema ili vimeng'enya hivyo vife. Wajapani hutumia mvuke. Wachina, ukitoa chai chache kama Enshi Yulu ya mkoa wa Hubei, hulikaanga kwenye karai kavu, na hapo ndipo chai yao inapopata ile harufu ya karanga zilizotoka motoni. Lakini joto hilo halilikingi jani dhidi ya hewa, mwanga na unyevu. Kila mwezi unaopita linapoteza kitu, na kinachotangulia kuondoka ni harufu, yaani kile hasa ulichokilipia.

Kalenda ya wakulima wa China inakusaidia sana hapa. Chai iliyochumwa kabla ya Qingming, siku inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, huitwa mingqian. Iliyochumwa baada ya hapo lakini kabla ya Guyu, yapata tarehe 20 Aprili, huitwa yuqian. Mingqian ni machipukizi madogo, laini, matamu, na bei yake hupaa kwa sababu kuyachuma ni kazi ya mikono mingi na watu wengi huinunua kama zawadi. Yuqian ina jani lililokomaa kidogo, ladha yake ina nguvu zaidi, inavumilia kuongezewa maji mara nyingi, na bei yake hushuka sana. Kwa chai ya kunywa kila siku nakushauri uchukue yuqian bila kusita. Epuka chai ya kiangazi hata ikiwa na jina zuri: jua kali huongeza katekini, zinazoleta uchungu, kwenye jani na kupunguza asidi za amino, zinazoleta utamu, kwa hiyo unabaki na uchungu na ukakasi wa kukausha ulimi.

Pakiti za China huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mara nyingi hiyo ni tarehe ya kufungasha, si ya kuchuma. Chai ya mwaka jana ikifungwa jana itasomeka ya jana. Muulize muuzaji mwaka na msimu wa mavuno kwa maneno hayo hayo. Anayeijua chai yake atakujibu mara moja. Anayezungukazunguka anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nizipange. Nimepanga kwa kumfikiria mtu anayenunua kwa ajili ya kunywa nyumbani, mwenye birika la kawaida na glasi, na asiyependa kutupa fedha.

1. Huangshan Maofeng. Hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote aanze nayo. Inatoka milima ya Huangshan, kusini mwa mkoa wa Anhui. Majani yake yamepinda kidogo, yana manyoya mepesi ya rangi ya fedha kwenye ncha, na daraja la juu huwa na kijani chenye umanjano wa pembe ya ndovu pamoja na jani dogo la njano kwenye shina la chipukizi. Ladha yake ni ya maua, na utamu hubaki kooni baada ya kumeza. Nimeiweka juu kwa sababu inasamehe: ukizidisha joto la maji kidogo au ukisahau kikombe kwa dakika moja zaidi, bado inanyweka. Na daraja lake la kati ni chai nzuri kweli, jambo ambalo huwezi kulisema kwa kila jina maarufu.

2. Longjing, lakini si ile unayosukumiwa. Ndiyo chai ya kijani inayojulikana kuliko zote China, na ndiyo inayoghushiwa sana. Asili yake ni Hangzhou, mkoa wa Zhejiang, kwenye vilima vilivyo kando ya Ziwa la Magharibi, yaani Xihu. Majani ni bapa na laini kwa kuguswa, kwa sababu mkaangaji huyabana kwa kiganja chake kwenye ukuta wa karai la moto, akiyasukuma na kuyageuza mpaka yanyooke. Ikiwa ni nzuri, harufu yake ni ya njugu na maharage yaliyokaangwa, na maji yake yakishaiva ni ya kijani kilichofifia kuelekea manjano.

Kiwango cha China cha chai hii, GB/T 18650, kinaruhusu jina Longjing kwa maeneo matatu tu ya Zhejiang: Xihu, Qiantang na Yuezhou. Eneo la Xihu ni dogo, vijiji vichache kama Meijiawu na Wengjiashan pamoja na vilima vya Shifeng, na mavuno yake hayawezi kabisa kutosheleza pakiti zote zinazoandikwa Xihu Longjing duniani. Ya kweli hubandikwa stika yenye namba ya kuhakiki. Bila stika, chukulia kwamba si ya Xihu, wala usilipe bei ya Xihu.

Angalia na tarehe. Ukiuziwa "Longjing mpya" mwanzoni mwa Machi, kuna uwezekano mkubwa ni Wuniuzao, aina ya mchai inayochipua mapema sana, yenye asili ya Yongjia karibu na Wenzhou, ambayo hukaangwa bapa ili ifanane. Si chai mbaya, ila si Longjing na haina kina chake. Majani bapa ya namna hiyo hutoka pia Sichuan na Guizhou. Rangi nayo inasema: Longjing ya kweli, hasa ya miti ya zamani inayoitwa qunti zhong, ina kijani kilichochanganyika na unjano wa mchele usiokobolewa, wala majani yake hayalingani kama yaliyokatwa na mashine. Aina mpya ya Longjing 43 hulingana zaidi na huwahi kuchipua. Kijani kinachong'aa mno kinapaswa kukutia shaka.

Ushauri wangu: nunua Longjing ya eneo la Yuezhou, kwa mfano ya Xinchang, inayouzwa kwa jina la Dafo Longjing, ya yuqian. Utapata sehemu kubwa ya raha ya jina hili kwa sehemu ndogo ya bei.

3. Lu'an Guapian. Ya magharibi mwa Anhui. Hii haina chipukizi wala kijiti, ni jani tupu lililoviringwa kingo na kukaushwa juu ya moto wa mkaa. Kwa kuwa inahitaji jani lililokomaa, huchumwa karibu na Guyu, kwa hiyo muuzaji akikusifia Guapian "ya mapema sana" anakusifia kasoro. Ladha yake ni nzito, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Mtu aliyezoea chai nyeusi au kahawa, anayelalamika kwamba chai ya kijani ni maji matupu, aipe hii nafasi.

4. Anji Baicha. Jina lake la Kichina linasema chai nyeupe, lakini ni ya kijani. Mchai huu wa Anji, Zhejiang, hutoa majani yaliyopauka wakati wa baridi ya mwanzo wa machipuko, na joto likipanda yanarudi kuwa ya kijani. Katika siku hizo chache jani huwa na asidi za amino nyingi na katekini kidogo, na ndiyo maana chai hii karibu haina uchungu. Ingekuwa juu zaidi kama si bei.

5. Biluochun. Kutoka milima ya Dongting kando ya Ziwa Tai, Suzhou, ambako michai hukua katikati ya miti ya matunda. Vijani vidogo vilivyojikunja kama konokono, vimejaa manyoya. Ni chai ya ajabu, lakini ni nyepesi kuharibika na feki zake ni nyingi. Isubiri mpaka mkono wako uzoee. Na ukiona maji yamekuwa na ukungu usiogope, ni manyoya ya machipukizi.

6. Chai ya yasmini. Chai ya kijani iliyolazwa na maua mabichi ya yasmini usiku, maua yakatolewa, kazi ikarudiwa tena na tena. Hengzhou, mkoa wa Guangxi, ndiko inakotoka kwa wingi. Wingi wa maua makavu kwenye pakiti si dalili ya ubora, kwa kuwa maua hayo yalikwisha kutoa harufu yake.

7. Zhucha na Zhenmei. Kwenye pakiti za kuuzwa nje huandikwa Gunpowder na Chunmee. Ya kwanza ni vidonge vigumu vilivyoviringwa, na asili yake ni Pingshui, Zhejiang. Ya pili imepinda kama nyusi. Zina namba za madaraja: 3505 ni daraja la juu la Zhucha na 9375 liko chini yake; kwa Zhenmei, 41022 liko juu ya 9371. Moroko hunywa Zhucha kwa nanaa na sukari, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Ukipenda chai ya kijani yenye sukari na majani ya kunukia, nunua hii na uache Longjing. Ukiinywa bila sukari wala nanaa utaiona kali.

Taiping Houkui sikuipa namba. Majani yake hufika sentimita 15, hayaingii kwenye kikombe cha kawaida, na bei ya daraja linalostahili ni ya juu. Vifuko vya chai nimevitoa kwenye orodha: ndani yake kwa kawaida mna chenga na vumbi vinavyomwaga uchungu wote mara moja, na huwezi kuona unachonunua.

Ukipata nafasi ya kuikagua chai, mimina majani kwenye sahani nyeupe. Vumbi jingi na vipande vilivyovunjika ni dalili ya chai iliyosukwasukwa au ya zamani. Vunja jani moja kwa vidole. Likipinda badala ya kukatika, limeingia unyevu. Kisha pasha kikombe kwa maji ya moto, yamwage, tia majani kwenye kikombe kikavu chenye joto, funika kidogo, unuse. Harufu inayofufuka pale ndiyo utakayoinywa. Usipopata kitu, maji hayataongeza kitu.

Nunua gramu 50, zisizidi 100. Kwa gramu 3 kwa siku, pakiti ya gramu 50 inakaa zaidi ya wiki mbili. Funga kwenye kopo lisilopitisha hewa wala mwanga, mbali na viungo vya jikoni, maana chai hunyonya harufu ya jirani yake. Akiba isiyofunguliwa inaweza kukaa kwenye friji, lakini ukiitoa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utagandamana kwenye majani.

Sasa kuandaa. Glasi ya mililita 200, gramu 3 za majani, maji ya nyuzi 80 hivi. Kwa Biluochun na Anji shuka hadi 75, kwa Guapian unaweza kufika 85 hadi 90. Huna kipimajoto? Maji yakishachemka, yamimine kwenye jagi, kisha kutoka kwenye jagi uyamimine kwenye glasi. Kila uhamisho hupunguza joto takriban nyuzi 10. Maji yenye chumvichumvi nyingi huua ladha, kwa hiyo yachuje au tumia ya chupa yenye madini machache.

Kwa Longjing na Maofeng, tia majani kwenye glasi, ongeza maji robo tu, zungusha taratibu, na uache nusu dakika. Majani yatalainika na harufu itapanda. Inuse kabla hujaendelea. Kisha mimina maji yaliyobaki ukiyapitisha ukutani mwa glasi. Mengi yataelea, mengine yatasimama wima, halafu yataanza kuzama moja moja. Baada ya dakika mbili onja. Biluochun igeuzie utaratibu: maji kwanza, majani juu yake, yajizamie yenyewe. Usinywe mpaka chini. Bakiza theluthi, ongeza maji ya moto, na mkondo wa pili mara nyingi huwa bora kuliko wa kwanza. Wa tatu uache ukae zaidi.

Ikiwa chungu, punguza joto kwanza, kabla hujapunguza majani au muda. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia. Wenye upungufu wa madini ya chuma waitenge mbali na mlo, kwa sababu chai hupunguza ufyonzaji wa madini hayo kutoka kwenye vyakula vya mimea.

Na pakiti ya mwaka jana iliyobaki kabatini? Tia gramu 8 hadi 10 kwenye lita moja ya maji baridi, weka kwenye friji usiku kucha, chuja asubuhi. Maji baridi hutoa uchungu kidogo sana na utamu wa kutosha, hata kwenye jani lililokwisha kupoteza harufu yake ya juu.