Mashine ya kukausha hewa katika depo yangu ya vitambaa, Bukavu: uzoefu wangu

Nashona nguo Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nyuma ya atelie nina depo, chumba kimoja chenye dirisha dogo, ambamo naweka vitenge vya wateja, magauni ya arusi ya kukodisha na makoti yanayosubiri wenyewe. Tangu mvua za Septemba chumba hicho kina mashine ya kukausha hewa, ile ambayo wauzaji wetu wanaiita desumidifikateri. Nimeitumia msimu wote wa mvua na nasema bila kusita kwamba imeokoa kazi yangu. Ila ina masharti yake, na aliyeniuzia hakunitajia hata moja. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Koga tunaijua sote hapa. Inaanzia nyuma ya kabati lililosogezwa ukutani, kwenye viatu vya ngozi vilivyokaa chini ya kitanda, kwenye ukosi wa koti lililovaliwa mara moja likatundikwa. Kwangu iliumiza zaidi kwenye nguo za arusi. Satini nyeupe haifichi kitu: ukiinama karibu unaona vidoa vyeusi, vidogo kuliko kichwa cha pini, vimetawanyika kwenye bitana, na pale pini ilipobaki kwenye pindo kuna duara la kutu la rangi ya chai. Koga ikiwahiwa inatoka kwa kufua na kuanika juani. Kutu ni balaa nyingine, na anayeipaka javeli, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe, anaizidishia, maana javeli inaifanya ishike zaidi. Kuna mama aliyekuja kuchukua gauni la bintiye, akalinusa, akalirudisha mezani taratibu na kuniuliza: “Mama, hili limekaa wapi?” Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa Kivu liko miguuni petu, na mvua inaanza Septemba haituachi mpaka Mei. Hatuna joto la Uvira, mji ulio chini yetu kwenye ziwa Tanganyika, la kutukaushia vitu. Mchana ni nyuzi 20 na kitu, usiku zinashuka kuelekea 15, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotuletea koga. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa mpaka 15 inaweza kubeba 13 tu. Kwa hiyo hewa ya mchana yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo mtu anaipumua bila kuona shida, usiku ikigusa ukuta au bati lililopoa inakuwa imeshajaa, na maji yanabaki pale pale. Koga nayo haingoji maji yatiririke. Kitu kikikaa siku kadhaa katika unyevu wa asilimia 80 hivi, inaota.

Kabla hujatoa pesa ya mashine, nunua kwanza kipimo cha unyevu. Ni kidude cha betri kinachoenea kiganjani, kinauzwa dola chache. Kiache usiku kucha chumbani, ukisome alfajiri kabla hujafungua mlango. Depo yangu ilikuwa inasoma asilimia 84 mpaka 88 asubuhi za mvua. Chumba cha mbele, ambacho mlango wake uko wazi kwa barabara kutwa nzima, kilikuwa kwenye sabini na kitu. Hapo nikajua kwamba tatizo langu ni chumba kimoja, na kwamba mashine moja inatosha.

Yenyewe inanifika juu kidogo ya goti. Ndani ina kompresa kama ya friji: feni inavuta hewa na kuipitisha kwenye mirija ya baridi, mvuke unageuka matone, matone yanaanguka kwenye tangi, halafu hewa inapita kwenye mirija ya moto na kutoka kavu, ina vuguvugu. Nimelipa dola 230. Jina la kampuni halitakusaidia sana. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kiseme volti 220 mpaka 240 na hezi 50. Zile zinazokuja na mizigo kutoka Marekani ni za volti 110, na kwenye umeme wetu zinaungua. Yangu inakula wati 300 hivi, wakati pasi yangu ya umeme inapita wati 1,000.

Kwenye kibandiko hicho hicho kumeandikwa lita 20 kwa siku. Usiziote. Namba hiyo kwa kawaida inapimwa katika chumba cha nyuzi 30 chenye unyevu wa asilimia 80, hali ambayo sisi hatuna. Katika ubaridi wetu mashine ile ile inatoa nusu au chini ya nusu. Mimi, umeme ukikaa mchana na usiku bila kukatika, nilikuwa napata lita 7 au 8 katika majuma ya kwanza, na sasa ni 2 au 3. Nimeridhika nazo, ila nimeridhika kwa sababu nimeelewa zinatoka wapi.

Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Depo yangu ina ujazo wa mita 30 hivi. Ukipiga hesabu ya gramu zile, hewa yote iliyomo, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 85, haina hata nusu lita ya maji. Basi hizo lita zote zilitoka wapi? Zilitoka kwenye vitambaa. Pamba inakunywa mvuke kimya kimya: hata katika hewa ya wastani, ya asilimia 65, inabeba maji ya asilimia 7 mpaka 8 ya uzito wake, na hewa ikizidi kulowa inabeba zaidi ya hapo. Kwenye rafu zangu kuna vitenge vya kilo mia na zaidi. Nilikuwa nimehifadhi ndoo nzima ya maji, imekunjwa vizuri na kupangwa kwa rangi, bila tone moja kuonekana. Ndiyo maana mashine haikuonyesha nafuu haraka. Kipimo kilikuwa kinashuka mpaka 65 jioni, mashine ikizimika kinapanda tena kufikia asubuhi, kwa sababu vitambaa vilikuwa vinairudishia hewa kile ilichonyang'anywa. Wengi nadhani wanakata tamaa hapo, wanasema mashine ni feki. Vumilia. Fungua mikunjo, tenganisha marobota, acha nafasi ya kiganja kati ya rafu na ukuta. Siku ilipofika kipimo kikabaki kwenye 58 hata baada ya umeme kukatika usiku, nilijua vitambaa vyenyewe vimekauka.

Nimeiweka kwenye 55 na siishushi zaidi. Chini ya 60 koga haina nguvu, na uzi wa pamba uliokauka kupita kiasi unakatikakatika kwenye cherehani.

Sasa umeme. Wetu unatoka mto Ruzizi, pale pale maji ya ziwa yanapotokea, lakini kila mtu wa Bukavu anajua unavyokuja na kuondoka. Kijana fundi wa umeme aliyenifungia soketi alinipa maneno ambayo yana thamani kuliko kijitabu cha mashine: “Mama, umeme ukirudi usiiwashe papo hapo. Subiri dakika tatu, nne, gesi ya ndani itulie, la sivyo kompresa inalia mpaka inakufa.” Mashine nyingine zina ucheleweshaji huo ndani yake, uliza kabla ya kulipa. Pia uliza kama inajiwasha yenyewe umeme ukirudi. Nyingi za vitufe vya kubonyeza na taa za rangi zinabaki zimelala mpaka uje uzibonyeze, na umeme wetu unapenda kurudi saa nane za usiku. Yangu ni ya kitasa cha kuzungusha, inaanza yenyewe, kwa hiyo nimeiweka nyuma ya stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti, yenye kuchelewesha. Stabilizateri inanisaidia pia jioni, mtaa mzima unapopika na volti kuporomoka. Sola ya taa na simu haitaiendesha, usijaribu.

Maji ya tangi hayanyweki. Yamepita kwenye chuma na vumbi, hayajachemshwa wala kusafishwa. Lakini katika mji ambao watoto wanapanda kilima na bidoni la maji kichwani, mimi simwagi hata kikombe: yanapiga deki na kumwagia choo. Mashine ina tundu la mpira nyuma kwa anayetaka maji yajitokee yenyewe nje. Tangi likijaa bila mpira, inajizima.

Kuna kazi ambayo mashine haiwezi, na hapa Bukavu ndiyo kazi kubwa. Nyumba zetu nyingi zimechimbwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Mvua inashuka kilimani, inaingia ukutani, na chumba kinanyonya kilima kizima. Mashine ukiiweka humo itafanya kazi usiku na mchana, utalipia umeme, na kipimo hakitashuka. Kwangu kwanza tulichimba mtaro nyuma ya nyumba, tukautia mawe na kuuelekeza kwenye kanivo, mfereji wa barabara, tukaziba tundu la bati juu ya mlango. Ndani tulikwangua rangi ya mafuta iliyokuwa imevimba, tukapaka chokaa, maana chokaa inauacha ukuta upumue na koga haiipendi. Mtaro ulichukua vibarua wawili na mawe tuliyokuwa nayo. Kama mfuko wako unatosha kimoja tu, chimba mtaro, mashine iache.

Jambo jingine naliandika kwa uzito wote nilionao. Mashine inataka mlango na dirisha vifungwe, vinginevyo unakausha hewa ya Kadutu nzima. Basi chumba hicho kisiwe na mbabula, yaani jiko la makala (makaa), ndani yake, wala pasi ya makala. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa yanatoa moshi usioonekana na usionuka, unaoua watu usingizini, na mashine hii haiuondoi hata kidogo. Mimi napiga pasi mbele, mlango ukiwa wazi, na kitambaa kinarudi depo kikishapoa. Hilo linasaidia kwa njia ya pili pia: kitambaa kilichopigwa pasi kwa maji kinatoa mvuke mwingi, na kuupeleka mvuke huo depo ni kuipa mashine kazi isiyo yake.

Jirani yangu anayeuza viatu ana ile mashine ndogo, ya ukubwa wa birika, isiyo na kompresa. Alinionyesha kibandiko: mililita 300 kwa siku. Kabatini inaweza kufaa. Chumbani haitoshi, kwa sababu mtu mmoja akilala humo usiku tayari anapumua mvuke karibu wa kiasi hicho. Kwa kabati afadhali vile vikopo vya chumvi inayofyonza maji, havitaki umeme, ila visimame wima chini kabisa: maji yake ya chumvi yakimwagika yanaharibu kitambaa na kuoza zipu.

Aina nyingine ya mashine kubwa inatumia gurudumu la madini linalonyonya unyevu, kisha linapashwa moto ili liuachie. Hiyo haijali baridi, wakati ya kompresa ikifika chini ya nyuzi 15 mirija yake inaanza kushika barafu na inabidi isimame iyeyuke. Aliye juu huko Kabare, kwenye baridi ya kweli, angeifikiria. Lakini inakula umeme zaidi kuliko yangu, na kwa hali ya umeme wetu mimi nisingeichagua nikiwa mjini.

Kasoro za yangu ni kelele na uzito. Ina mngurumo wa chini usiokoma. Depo hauna shida, chumba cha kulala ungenisumbua. Chumba kinapata joto kama nyuzi mbili, jambo ambalo Aprili nalishukuru. Chujio la mbele linajaa nyuzinyuzi za vitambaa haraka, naliosha kila Jumamosi kwa maji matupu na kulikausha kivulini. Likiziba, tangi linabaki tupu ingawa feni inazunguka, kwa hiyo liangalie kabla ya kumwita fundi. Na ukimwita, mwonyeshe kibandiko kwanza: kama gesi yake ni R290, hiyo ni propani, inashika moto, asisogeze mtungi wa kuchomelea kabla hajaitoa yote.

Kwa anayeileta nyumbani juu ya pikipiki au imelazwa kwenye taksi: isimamishe wima na uiache saa kadhaa, au mpaka kesho yake, kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Na kama nyumba yako ni ya mbao, bati juu bila dari, upepo ukiingia kila upande, hizo dola 230 nunua mbao za dari na misumari. Mashine utaifikiria mwaka kesho.