Isotope Browser: takwimu za mionzi ya gama bila bando, uzoefu wangu Mtwara

Kwa yeyote anayefundisha au kusoma fizikia ya nyuklia huku kusini, programu ya kwanza ninayomshauri aiweke kwenye simu ni Isotope Browser ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao Vienna, Austria. Ni ya bure, na ukishaipakua haikudai mtandao tena. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara mjini. Umeme ukikatika na mtandao ukasuasua, takwimu zote bado ziko mfukoni na kipindi kinaendelea.

Nilichokuwa nakitafuta vitabu vyetu havinipi. Kitabu kinasema sesiamu-137 hutoa gama ya 0.66 MeV (kipimo cha nishati; MeV moja ni keV 1,000), basi. Mwanafunzi akiuliza gama hiyo inatoka ngazi gani ya nishati, na hutokea mara ngapi katika kila viini mia vinavyooza, kitabu kimeishia hapo. Kwenye programu nafungua sesiamu-137 na kukuta 661.657 keV, kwa asilimia 85.1. Kinachonifurahisha zaidi ni kile kilicho nyuma ya namba hizo. Sesiamu yenyewe haitoi gama hiyo. Inaoza kwa kutoa beta na kuwa bariamu-137, ambayo karibu mara 95 katika 100 huzaliwa ikiwa kwenye hali ya msisimko. Hali hiyo ina nusumaisha (muda wa nusu ya viini kuisha) ya dakika 2.55, muda mrefu mno kwa kiini kilichosisimka, ndiyo maana bariamu hiyo huandikwa kwa herufi m baada ya 137. Na kwa nini asilimia ni 85 wala si 95? Kwa sababu mara nyingine kiini humpa elektroni wa atomu yake nishati ile, naye akaruka nje, gama isionekane kabisa. Somo zima hilo linatoka kwenye mistari michache ya jedwali.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni: ukitaka kujua gama imetoka ngazi ipi, fungua kiini kilichozaliwa, usiishie kwa mzazi. Anayetafuta ngazi za bariamu ndani ya sesiamu atazunguka bure.

Mfano ambao darasa langu limeupenda kuliko yote ni korosho. Mtwara hii kila nyumba ina habari za korosho, kuanzia Tandahimba na Newala hadi hapa bandarini. Gramu 100 za korosho zina takribani miligramu 660 za potasiamu, na kila gramu ya potasiamu ya asili, kwa sababu ya potasiamu-40 iliyomo, huoza takribani mara 31 kwa sekunde. Piga hesabu: kilo moja ya korosho ina viini 200 hivi vinavyooza kila sekunde. Lakini gama ni ngapi? Hapo ndipo programu inapohitajika. Inaonyesha gama ya 1460.82 keV kwa asilimia 10.66 tu, yaani kama gama 21 au 22 kwa sekunde. Sehemu kubwa iliyobaki huoza kwa beta na kuwa kalsiamu-40 bila gama yoyote. Gama yetu inatoka kwenye argoni-40, ambayo potasiamu-40 hugeuka kuwa mara zile chache nyingine. (Asiogope mtu kula korosho. Mwili wa mtu mzima wenyewe una potasiamu-40 inayooza zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde, na binadamu wamekuwa hivyo tangu zamani.)

Halafu kuna jambo dogo linalonisisimua kila ninapolifundisha. Ngazi ya argoni-40 iko 1460.85 keV, lakini gama ni 1460.82. Hiyo 0.03 imekwenda wapi? Kiini kikifyatua gama hurudi nyuma, kama gobore linavyopiga bega la mwindaji, na kurudi huko kunakula nishati. Kokotoa kwa E²/2Mc² (E ni nishati ya gama, M ni masi ya kiini, c ni kasi ya mwanga) uone, inatoka 0.03 ileile. Jedwali lililokadiriwa hadi 1.46 MeV haliwezi kukuonyesha hilo kamwe.

Upungufu upo. Lugha yake ni ya kitaalamu, na programu haifundishi, inakupa takwimu tu. Anayeanza atahitaji mwalimu pembeni. Nishati peke yake pia haitoshi kutambua chanzo: radiamu-226 ina gama ya 186.2 keV na urani-235 ina ya 185.7, na kwenye vifaa vingi hizo mbili zinaonekana kilele kimoja. Lazima uangalie na gama nyingine za kila mmoja.

Mwenye kompyuta na mtandao aende mbali zaidi. LiveChart, ya IAEA hiyohiyo, huchora mchoro wa ngazi na kukuruhusu kupakua jedwali la CSV la kufungua kwenye Excel. NuDat ya maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, Marekani, ndiyo ninayoitegemea kutafuta kwa kuanzia nishati: unaandika kuanzia keV fulani hadi fulani, unaongeza na nusumaisha, orodha inapungua. Huko utakuta 661.657 ikifuatiwa na 3 ndogo ya mlazo. Usiisome kama tarakimu ya nne ya desimali. Ni kiasi cha shaka katika tarakimu ya mwisho, yaani 0.003 juu au chini, na kwangu hiyo 3 ina thamani sawa na namba yenyewe, kwa sababu inakuambia uiamini hadi wapi.

Ukitaka kujaribu leo, anza na kobalti-60. Tafuta gama zake mbili kubwa, 1173.23 na 1332.49 keV, zijumlishe, kisha fungua nikeli-60 utafute ngazi yenye nishati hiyo.